Donge la Maji ya Kifuani

Mashine ilifika Korogwe imefungwa ndani ya godoro la sponji, imelazwa nyuma ya pikapu kama mgonjwa, na daktari mwenyewe amekaa nayo huko nyuma tangu Tanga, akiishikilia isigongwe na mashimo ya barabara. Kulikuwa na manyunyu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimejifunika kanga, nikaiangalia ikiteremshwa na wanaume wanne, nikasema moyoni: haya, mke mwenza ndiye huyo anashushwa.

Nieleze nilivyofika kwenye mlango ule. Nilikuwa fundi wa maabara ya mifugo serikalini kwa miaka kumi na sita. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye darubini na kuhesabu chembechembe: za damu, za maji yaliyotolewa tumboni mwa mbwa, za maji ya kifuani mwa ng'ombe. Unaweka tone kwenye kioo chenye miraba midogo, unainama, kidole kinabofya kidude cha kuhesabia, na ole wake atakayekuja kukusalimia ukiwa umefika mia tatu. Mimi nina hasira za karibu. Watu wa nyumbani wanasema nikinuna hata kuku wanahamia kwa jirani. Lakini kwa kuhesabu nilikuwa nasifiwa, na nisiwe mnafiki, sifa nilikuwa nazipenda.

Kisha yakaja mambo ya soko huria. Ruksa hii, ruksa ile. Serikali ikasema haiwezi tena kumtibia kila mtu ng'ombe wake bure, majosho yakakauka, magugu yakaota ndani, na sisi tukapewa barua za kupunguzwa kazini. Barua yangu ilikuwa na maneno matamu sana ya shukrani. Nililia siku moja, siku ya pili nikaifunikia mtungi wa maji. Daktari, aliyekuwa mkubwa wangu kulekule serikalini, naye aliondoka, akafungua duka la dawa za mifugo Korogwe mjini, na chumba cha nyuma akakifanya maabara. Akaniita. Nikaenda, ningekwenda wapi? Wazee wangu waliletwa na mkonge, na mkonge wenyewe ulikuwa unakufa, shamba la kurudi kulima sikuwa nalo.

Mashine ilikuwa ya mtumba. Ilikuwa imefanya kazi katika hospitali ya watu, ikachakaa, ikauzwa. Fundi alikuja kuirekebisha ijue ng'ombe na mbwa. Ilikuwa na tundu dogo kuliko tundu la sindano. Unaipa tone lililochanganywa na maji ya chumvi, inalinyonya, kila chembe inayopita kwenye tundu inahesabiwa kwa umeme, halafu kwa pembeni inatema kikaratasi chenye namba zilizopigwa chapa. Dakika moja, basi.

Siku ya kwanza daktari alitaka tushindane. Alikuwa na damu ya ng'ombe wa Mashewa. Akaniwekea nusu, mashine nusu. Mimi nikainama, nikahesabu, nikageuza kioo, nikahesabu tena. Nilipoinua kichwa, yeye alikuwa ameshamaliza kunywa chai na kikaratasi kiko mezani. Namba zetu zilikaribiana sana, hilo alikubali. Akaniambia, "Mama, macho yako sasa yapate likizo." Alikuwa anatania tu. Lakini nilinuna siku mbili, nikamtilia chumvi kwenye chai siku ya tatu, akainywa bila kusema kitu. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, mimi na yeye.

Wateja ndio walionitoa kununa. Mtu anayetoka Magoma na mbuzi wake begani, ukimpa matokeo yaliyoandikwa kwa mkono anakuuliza maswali mpaka jioni. Ukimpa kikaratasi cha mashine anakikunja vizuri, anakiweka mfukoni, anasema ahsante mama. Akaja mwanamke muuza vyakula wa Mombo, pale mabasi yanaposimama, na mbwa ambaye tumbo limejaa maji utadhani ana mimba ya watoto kumi. Mashine ikasema chembechembe ni chache. Maana yake maji yale yametoka kwenye ini lililochoka, hakuna usaha ndani. Nikahakikisha kwa darubini, ikawa kweli. Wa pili alikuwa mbuzi, mashine ikasema chembechembe ni nyingi mno, kuna ugonjwa unapigana humo tumboni. Nikahakikisha, ikawa kweli. Wa tatu sikuhakikisha. Mke mwenza tukawa tumepatana, na chupa yangu ya rangi ya kupaka vioo ikaanza kuota ukoko kwenye rafu.

Mfugaji ninayetaka kumsimulia alikuja kiangazi. Alikuwa Mmasai wa nyika za Handeni, mtu wa makamo, mrefu, mpole wa sauti. Tulishazoeana kwa sababu alikuwa ananunua kwetu dawa ya minyoo. Mimi nilikuwa namwita mzee, yeye ananiita mama. Siku hiyo nilimpa kiti, akakataa kukaa.

Alikuwa na ng'ombe jike anayekohoa. Anasimama ametanua viwiko vya mbele, shingo ameinyoosha, hataki kulala chini. Majirani walikisikia kile kikohozi, wakakaa kikao, wakamzuia kunywesha mifugo yake kwenye lambo. Na lambo lilikuwa moja tu, vijito vyote vimekauka. Walimwambia hivi: leta karatasi ya daktari inayosema si homa ya mapafu, tutakufungulia. Bila karatasi, awapeleke ng'ombe wake mtoni, na mto ulikuwa mwendo ambao ndama wasingeumaliza wakiwa hai.

"Yeyo anasema ni olkipiei," akatuambia. Yeyo ni mama yake, na olkipiei ndiyo hiyo homa ya mapafu, inayotoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine kwa pumzi na kumaliza boma zima. "Mimi nasema ni moyo."

Hakuwa mjinga kutumaini hivyo. Kuna ugonjwa wa kupe unaojaza maji kifuani kuuzunguka moyo, na tangu majosho yakauke kupe walikuwa wengi kila mahali. Huo ni ugonjwa mbaya, ila hauambukizwi kwa pumzi. Ng'ombe mwenye huo anaweza kunywa maji na wenzake na asimdhuru mtu. Kazi yetu ilikuwa kutoa yale maji ya kifuani na kuyasoma.

Tulikwenda kesho yake kwa pikipiki ya daktari, mimi nimekaa nyuma nimekumbatia kikapu cha vifaa. Njia nzima nilikuwa namsema. Alisahau mafuta, tukarudi. Alisahau glavu, tukarudi tena. Nikamwambia, daktari, wewe kichwa chako siku moja utakisahau kwenye mto wa kulalia. Akawa anacheka tu, na mimi naendelea. Tulipofika bomani, nikafungua kikapu, nikaona kwamba vichupa vya kifuniko cha zambarau havimo hata kimoja.

Vile ndivyo vyenye dawa ndani ya kuzuia damu na maji ya mwilini visigande. Cha mwisho nilikuwa nimekitumia wiki iliyotangulia kwa mbuzi wa Magoma, na kazi ya kuagiza vingine ilikuwa yangu. Nilikuwa na vichupa vitupu tu, visivyo na dawa yoyote. Ningesema. Mdomo huu unaosema kila kitu, siku ile ukagoma. Baada ya yote niliyomwambia njiani, nianze kusema na mimi nimesahau? Nikatoa kichupa kitupu, nikakishika kiganjani ili asikione vizuri, nikanyamaza.

Hakukuwa na jirani hata mmoja. Walikuwa wamekatazana kukaribia boma lile, waliketi mbali ng'ambo ya korongo, unaona shuka tu. Waliokuwepo ni yule mzee, sisi wawili, na mama yake. Nilimwamkia bibi yule kwa Kimaasai kidogo ninachokijua, "Takwenya, koko," akaitika, "Iko." Hakuonekana kufurahi kutuona. Alimsogelea yule ng'ombe, akaweka sikio kwenye mbavu, akakaa hivyo muda mrefu amefumba macho. Kisha akasema kitu kirefu kwa lugha yake.

"Anasema pafu limeshika ubavu," mwanawe akatafsiri. "Anasema anasikia linavyokwaruza. Tumchinje leo, wengine tuwahamishe."

Nikamwambia, "Koko, mashine itatuambia." Nilisema kwa upole, tena nikitabasamu. Leo tabasamu lile likinijia natamani ardhi inimeze.

Mzee akaona nimemuunga mkono. Akamgeukia mama yake, akamwambia kwa Kiswahili ili na sisi tusikie, "Yeyo, nyamaza. Hawa wamesoma." Yule bibi alimwangalia mwanawe, akaniangalia mimi, akaingia ndani akiinama mlangoni. Daktari akachoma sindano katikati ya mbavu, maji ya manjano yakaja, nikayakinga, nikafunika.

Tuliporudi Korogwe maji yalikuwa yameganda. Ndani ya kichupa kulikuwa na donge linalotikisika kama uji wa muhogo uliopoa, na pembeni yake maji kidogo, safi, ya rangi ya mafuta ya alizeti. Mashine yetu ilikuwa haipendi madonge. Donge dogo tu likiingia, tundu linaziba, na daktari anashinda siku nzima anaizibua huku anatukana kwa Kizigua. Kwa hiyo tulikuwa na mazoea: ukikuta kuna donge, unachukua kijiti cha fagio, unalizungushia, unalitoa, unalitupa kwenye ndoo ya taka. Kinachobaki unaipa mashine. Nikafanya hivyo. Mashine ikanyonya, ikatema kikaratasi. Chembechembe zilikuwa chache sana.

Nilifurahi. Naomba mniamini hapo, nilifurahi kwa ajili yake kabisa. Niliandika kwa mkono wangu chini ya zile namba: chembechembe ni chache, haielekei kuwa homa ya mapafu. Daktari akaweka sahihi na muhuri.

Sasa niseme nilichokuwa nakijua. Nilikuwa nakijua, sikujifunza baadaye. Mwalimu aliyenifundisha kazi, nikiwa msichana, alitusimamisha mezani akatuambia: maji ya kifuani yakiganda yenyewe kichupani, hayo si maji ya moyo wala ya ini. Ugonjwa mkali ndio umeyatia kitu cha kugandisha, na likiganda donge linazikamata chembechembe kama wavu. Tafuteni kwenye donge. Maana yake ni kwamba hata bila kuhesabu chochote, hata bila darubini, lile donge lilikuwa limeshanijibu. Zamani ningelichukua, ningeligandamiza kwenye kioo, ningelipaka rangi, ningeinama nusu saa. Mimi nililiona kama uchafu unaotaka kunizibia mashine. Jibu nililitupa kwenye ndoo, nikapima maji yaliyobaki.

Asubuhi yake mzee alishuka kwenye basi la kwanza. Nilimsomea karatasi polepole, mara mbili. Akaomba nimsomee tena pale palipoandikwa haielekei. Kisha akaniambia nifungue viganja, akatema mate kidogo juu yake, kama wanavyobariki wao, akasema Mungu akupe watoto na ng'ombe. Nilicheka, nikamwambia watoto wanatosha mzee, ng'ombe nitapokea. Akaondoka na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, ameifunga kifuani chini ya shuka.

Waliisoma karatasi kwenye kikao, wakamfungulia lambo. Siku hiyohiyo kundi lake likanywa pamoja na mengine.

Ilipita miezi miwili. Siku moja akaingia dukani bwana mifugo wa serikali kutoka Handeni, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, nikamsikia anamwambia daktari kwamba boma sita zina wagonjwa. Walimchinja ng'ombe mmoja wakakuta pafu zito, lina mistari kama sakafu ya marumaru, limegandana na mbavu mpaka wakalitoa kwa kisu. Sampuli zilikwenda kwenye maabara kubwa na jibu limerudi. Ni homa ya mapafu. Njia zimefungwa, mnada umefungwa, na chanjo inakuja.

"Na kulikuwa na karatasi yenu," bwana mifugo akasema.

Kisha nikamsikia daktari akisema, taratibu sana, "Tulipima ng'ombe tuliyeonyeshwa."

"Ndivyo wanavyosema wenzake yule mfugaji," bwana mifugo akajibu. "Wanasema aliwaficha mgonjwa, akawaonyesha mzima. Na hakuna shahidi."

Nilikuwa nimeshika meza. Nilijua palepale. Sikuhitaji kukumbuka, lile donge lilikuja lenyewe mbele ya macho yangu, linatikisika kwenye kijiti cha fagio. Nikakaa juu ya godoro la mashine, lile la sponji, tulilokuwa bado hatujalitupa.

Bwana mifugo alipotoka nilimwambia daktari kila kitu: vichupa, donge, ndoo. Aliniangalia kama mtu anayeambiwa habari za msiba. Akasema, "Mashine haikukosea. Ilihesabu ilichopewa."

"Mimi ndiye niliyeipa."

"Na mimi ndiye niliyeweka muhuri. Donge nililiona mezani, mama. Sikuuliza." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Tukitangaza, duka linakufa. Na wewe utakula wapi? Wacha kwanza. Chanjo inakuja, mambo yatapoa."

Nikawacha. Wiki moja, mbili, tatu. Ningependa kusema alinilazimisha, lakini hakunilazimisha. Niliogopa tu. Nilikuwa nimeshapunguzwa kazini mara moja, nilijua harufu yake. Nikawa siwezi kumaliza sahani ya ugali, nikawa namgombeza kila mtu, mume wangu akaniuliza kama kuna mtu ameniloga. Na habari za yule mzee zikawa zinakuja na kila mteja wa Handeni. Hawamsalimii. Hawamwiti kwenye kikao. Alikuwa amepeleka asali kumposea mwanawe binti, asali ikarudishwa na kibuyu chake. Wazee walimtaka aseme mbele ya watu kwamba alificha ng'ombe. Alikataa kusema uongo, wakaona ni kiburi. Na mama yake, walisema, hamsemeshi tena tangu siku ng'ombe wa kwanza alipochinjwa na pafu lile likaonekana. Asiyesikia la mkuu, mnajua mwisho wake. Ila aliyemfundisha mwanawe asisikilize nilikuwa mimi na tabasamu langu.

Chanjo ilipokuja, bwana mifugo hakuwa na watu wa kutosha. Aliomba wenye ujuzi wajitolee, hata waliopunguzwa. Nikamwambia daktari nakwenda. Alijua ninakwendea nini. Alinipa glavu na chupa ya spiriti, akasema, "Nenda, mama. Liwalo na liwe." Nadhani na yeye alikuwa amechoka kulibeba.

Kituo cha chanjo kilikuwa kribu ya miti karibu na lambo, kijia chembamba cha kubania ng'ombe wachomwe sindano. Vumbi, makundi yanasubiri, wanawake na vibuyu vya maziwa, wazee wameegemea fimbo zao. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amesimama peke yake na ng'ombe wake upande wa pili, pale upepo unapokwenda, maana walimwambia atakuwa wa mwisho. Kundi lilikuwa limepungua nusu. Nikamwendea watu wote wakiona. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mzee, nimekuja kukuomba msamaha, na nimekuja kuwaambia wenzako."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili chepesi, bila kujificha: kwamba ng'ombe alikuwa yuleyule, kwamba maji yaliganda kwa sababu nilisahau kichupa cha dawa nikaona aibu kusema, kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya donge na donge nililitupa, mashine ikahesabu maji matupu. Sikulia. Nilikuwa nimejiapia nisilie, maana ningelia angeanza kunibembeleza.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo karatasi ile ya muhuri ilikuwa na makosa?"

"Ilikuwa na makosa. Makosa ni yangu. Nawaambia sasa hivi."

"Usiwaambie."

Nikamuuliza kwa nini.

"Sikiliza, mama," akasema. "Hawa hawakutaka kuja leo. Chanjo ya zamani ilivimbisha mikia ya ng'ombe, ikaoza, ikakatika. Wanaikumbuka. Bwana mifugo amekaa nao siku mbili, amewaonyesha karatasi yenye muhuri inayosema dawa hii ni nzuri. Wamekubali. Unajua kwa nini wamekubali? Kwa sababu wanasema karatasi haina kosa, mwenye kosa ni mimi." Akaelekeza fimbo kwenye yale makundi. "Ukisimama pale useme muhuri unakosea, wanaondoka na ng'ombe wao sasa hivi. Wote. Wanakwenda kufa nao huko."

"Basi niwaambie kesho. Baada ya chanjo."

"Kuna sindano ya mwakani. Kuna na ya mwaka mwingine. Bwana mifugo kasema." "Kamwambie yeyo. Yeye peke yake."

Nilikasirika. Nilikasirika kwelikweli. Nilikuwa nimebeba kitu kile wiki nne nzima, nimekuja kukitua, na mtu pekee mwenye haki ya kunitua ananirudishia kichwani. Nikamwambia hana haki ya kunifanyia hivyo. Akanijibu kwa upole uleule wa dukani, "Ni ng'ombe wa watu, mama."

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa lambo, shanga zimejaa vumbi. Nilipiga magoti. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, nikasema maneno machache, nikionyesha kwa mikono: ng'ombe yule, maji yale, kosa langu, mwanao hakuficha. Nikamwambia, "Koko, wewe ulisikia vizuri." Alinitazama muda. Hakunibariki, hakunitukana. Akashika fimbo yake, akainuka kwa shida, akanipita, akatembea juani mbele ya watu wote mpaka alipo mwanawe, akasimama ubavuni kwake. Sikuwasikia wakisemezana. Walisimama tu.

Tulichanja mpaka jua likapinda. Mkono uliniuma kwa kubonyeza sindano, na nilishukuru kwamba unauma. Makundi yalikuwa yanaingia, yanatoka, na kila mtu alikuwa na wa kumshikia ng'ombe: ndugu, jirani, rika lake. Yalipokwisha, wakamwita yeye. Hakuna aliyeingia kribuni kumsaidia. Alikuwa anashika ng'ombe mmoja mmoja mwenyewe, kwa pembe, anamgeuza, mimi nachoma nyuma ya bega. Wazee walikuwa wamekaa juu ya miti ya kribu wanatazama.

Mmoja wao, aliyekuwa mkubwa wa kikao, mtu wa heshima zake, akainama kunielekea. "Mama, wewe ndiye uliyepima yale maji kule Korogwe?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi tuambie tumalize. Ni kweli huyu aliwaonyesha ng'ombe mwingine?"

Bwana mifugo aliacha kuandika. Mzee wangu alikuwa hatua moja kutoka kwangu, amekumbatia shingo ya ndama dume, uso wake umeelekea upande mwingine. Hakunitazama. Angenitazama ningeshindwa.

Nikasema, "Ndiyo."

Wakaguna, wakatikisa vichwa, mmoja akatema mate chini. Yeye akamsogeza ndama karibu zaidi, akamgeuza bega ili nichome.